Kalafati ya Trekta

Kila asubuhi huwa namimina chai vikombe viwili, changu na cha baba, huku nikisikiliza trekta lake dogo likizunguka nyumba kwa majaribio kabla ya kwenda shamba la minazi. Juzi kikombe cha pili hakikujaa. Kuku walipiga kelele, uzio wa makuti ukaanguka, na baba akaingia jikoni ameukumbatia usukani kama sinia la biriani.

"Umetoka," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba nimeona. Nikasema, "Shikamoo, baba."

Trekta hilo lilikuwa likikata nyasi za hoteli moja, hadi hoteli ilipolionea huruma. Sasa linavuta tela la nazi, na kutoka shambani kwetu hadi barabara ya Kanga kuna mteremko unaoishia korongoni. Usukani ukichomoka pale, baba naye anachomoka. Mimi nina stashahada ya ufundi wa zana za kilimo. Imetundikwa sebuleni na kila mgeni huonyeshwa. Kwa hiyo baba akamwita Mzee Ussi, mtengeneza mashua.

"Unavuja wapi?" Mzee Ussi akauliza, akishusha kikapu chake.

"Hauvuji. Umelegea," akajibu baba.

"Mbarouk, kulegea na kuvuja baba yao mmoja."

"Ami, labda ni nati ya..." nilianza.

"Tasnim, mwanangu, mletee ami yako chai," akasema baba.

Nikaleta. Miaka mitatu ya chuo haikupotea. Chai ilikuwa nzuri sana.

Mzee Ussi akaurudisha usukani mahali pake, akaloweka pamba kwenye mafuta, akaishindilia kwenye tundu lake la katikati kwa patasi na nyundo, kama anavyoziba nyufa za mashua kwa kalafati. Kazi safi. Trekta lile sasa lingeweza kuvuka bahari hadi Nyamisati bila kuingiza tone la maji. Kukata kona, hayo yalikuwa majaliwa.

Adhana ya adhuhuri ikawachukua wote wawili msikitini. Nikabaki na spana na woga wangu. Nilichokonoa pamba yote. Meno ya ndani ya usukani yalikuwa mazima. Nati tu ndiyo haikuwepo. Niliikuta bandani, kuku mmoja ameshaanza kuiatamia. Nikaweka washa mpya, kile kipete cha chini ya nati, nikaikaza nati kwa nguvu zote za mtu asiyethubutu kukohoa mbele ya wageni, nikarudishia kifuniko cha usukani.

Baba aliporudi alizunguka nyumba mara tatu. Kona zote zikakubali.

"Mikono ya Ussi hiyo!" akapaza sauti. "Mashine imekuwa mpya!"

"Mwenyewe unanijua," akasema Mzee Ussi kwa unyenyekevu mkubwa. "Ila breki zako nazo nimezisikia zinalia. Pamba imebaki."

"Zitie, ndugu yangu. Kesho nateremka na tela limejaa."

Nikaona kikapu kinafunguliwa.

"Baba, hapana." Sauti ilitoka kubwa hata mimi nikageuka kumtafuta aliyesema. "Usukani nimeukaza mimi, mlipokuwa msikitini. Breki naomba asiziguse mtu mwingine. Ami Ussi, unisamehe. Naogopa, baba. Naogopa utakufa pale mteremkoni, na mimi najua kutengeneza, nimekaa kimya kwa kuona haya tu."