Mguu Uliokaa Eda

Tarehe ya Mwanvita kupasuliwa mguu ilimkuta ndani, amekaa eda. Mumewe, Mwinjuma, alikuwa amezikwa pale Mkange juma lililotangulia, na ndiye aliyehangaika naye hadi kwa daktari wa mifupa.

Daktari alishasema wazi: uvimbe ulio ndani ya mfupa, nyuma ya kidole gumba, si saratani. Utakwanguliwa, tundu lijazwe mfupa kidogo kutoka nyongani, naye atatembea kama watu. Ila asikawie, maana mfupa unaliwa kwa ndani.

"Wifi, kaburi la kaka halijakauka, wewe ushataka safari?" Habiba, dada wa marehemu, alimwambia. "Watu watatuonaje?"

"Mguu unaniuma, wifi."

"Si ulikuuma tangu yupo hai? Utakwenda eda ikiisha."

Hee! Na watu wazima walijaa ukumbini, asifumbue mdomo hata mmoja! Mwanvita naye alimpenda mno Mwinjuma, akaona haya kuonekana anauthamini mguu kuliko marehemu. Akabaki ndani, maskini wa Mungu.

Miezi ikaenda. Uvimbe ukawa kama kitunguu, ngozi ikang'aa. Kila jioni Habiba alimkanda kwa maji ya moto, kwa mapenzi kabisa, wala hakujua anakanda nini.

Siku zimebaki chache eda iishe, Mwanvita aliinuka mkekani, akakanyaga, mfupa ukalia ko! Ukelele wake ulifika msikitini. Sheikh Shuaibu akatoka mbio, akatafuta gari, wakampeleka hospitali hivyo hivyo, na eda yake.

Daktari aliitazama picha, akashusha pumzi. "Hapa hapana tena pa kukwangua, mama. Kidole gumba kitatoka, na mfupa wake wote."

Vikatoka.

Sheikh alipokuja nyumbani kumjulia hali, akauliza, "Ilikuwaje mkangoja namna hii?"

"Si alikuwa eda, sheikh," Habiba akajibu.

"Lahaula! Eda haimzuii mgonjwa kutibiwa. Nyumba yangu ile pale, mlango kwa mlango na yenu. Mbona hamkuniuliza?"

Habiba akajifunika kanga usoni, akalia kwa kwikwi. Mwanvita hakumbembeleza.

"Mwinjuma angekuuliza," akamwambia sheikh.