Mzizi wa Jiwe

Kati ya kijiji nilikozaliwa na kijiji nilikoolewa, huku kwetu Malinya, kuna mawe mawili yaliyosimama wima, marefu kumzidi mtu. Nani aliyasimamisha, hata bibi zetu hawakujua. Mimi Kageha, Mungu anisamehe, nilikuwa nikianika blanketi kwenye moja.

Desturi ni hii: mafahali wakishapigana, mwenye fahali aliyeshinda na mwenye aliyeshindwa huenda wote wawili kuegemeza fimbo zao kwenye mawe hayo, na maneno huishia pale. Lakini Desemba iliyopita fahali wa mume wangu Shivachi alipomshinda yule wa kaka yangu Ingutia, mume wangu kichwa kilimvimba. Alizipokea ngoma za isukuti akacheza nazo moja kwa moja hadi nyumbani. Ingutia alisimama peke yake penye mawe mpaka jua likazama. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu.

Ningevumilia, wanaume nimewazoea. Lakini binti yangu Beverly alikuwa anaolewa Jumamosi, na kwetu msichana hatoki nyumbani bila mjomba wake kumbariki. Nilimwendea Ingutia nikampigia magoti. Alinijibu, "Mwambie bwanako mimi bado niko pale kwa mawe, namngojanga."

Jumatano mvua kubwa ikanyesha. Shimo la zamani la wachimba dhahabu, lililo karibu na mawe, likaporomoka, na asubuhi tukakuta jiwe moja limeinama. Vijiji vyote viwili vilimiminika. Hata wale wanaodai kwamba hawaamini mambo ya wazee walikuja mbio. Watu wa mume wangu walisimama upande huu, watu wetu upande ule, bila kusalimiana.

"Tutaliinua sisi," Shivachi alisema, akalifunga kamba ya kufungia fahali. Wakavuta, wapi! Basi akashuka na jembe achimbe upande wa pili, ili jiwe lirudi kwa urahisi. Alichimba hadi kiunoni, bado jiwe. Hadi kifuani, bado. Mwishowe kichwa chake kikapotea, tukawa tunaona udongo tu ukirushwa juu.

"Bado linaendanga chini!" alipaza sauti, na ilikuwa sauti ya mtu aliyeingiwa na hofu.

Tulisogea ukingoni, wa huku na wa kule, tukachungulia. Chini ya ardhi jiwe lilikuwa refu kuliko juu, na ubavu wake ulichongwa laini mahali ambapo jicho lolote lisingepaona. Ukoo mmoja usingeweza kukibeba kitu kile, wala koo mbili zinazowindana. Watu wa kale walichimba pamoja, wakala chungu kimoja, ili sisi wasiotujua tupate mahali pa kupatania. Walijuaje kwamba tutagombana? Nilijiona mdogo, na nikafurahi kuwa mdogo.

Ndipo jiwe likaguna. Udongo ukamwagika shimoni, Shivachi akapiga yowe. Kabla sijafungua mdomo, Ingutia alikuwa ameishika kamba, miguu imezama topeni, akiwakaripia watu wake: "Mnangoja nini? Vuteni! Shemeji yangu yuko chini!"

Wakavuta, wetu na wao, hungeweza kuwatenga. Jiwe likarudi polepole, polepole, mpaka likasimama. Hakuna aliyeshangilia. Mzee mmoja alivua kofia.

Shivachi akapanda juu, mwekundu kwa udongo.

"Nilikosa," alimwambia Ingutia.

"Ulikosa sana," Ingutia alisema, kamba bado mkononi. Kisha akanigeukia. "Dada, huyo bibi harusi anatokanga saa ngapi Jumamosi?"

Nilitaka kumwambia saa nne. Nililikumbatia jiwe kwa mikono yote miwili, nikalia mpaka watu wakaniogopa.