Leo Sicheki

Mgeni anaingia bila hodi, na mimi bado nimejinyoosha kwenye kochi la dada yangu Sikudhani, viatu vya usaili miguuni, usingizi ukinibeba, katuni ikipiga kelele kwenye televisheni mchana huu wa joto. Ni mbweha wa kwenye katuni. Amekuwa bapa kama chapati, maana jiwe limemwangukia sasa hivi, nami nimecheka. Anapenya chini ya mlango, anapuliza kidole gumba chake mpaka anajaa mwili, ananiambia, Wewe binti, umenicheka. Nataka kumwomba radhi, lakini kochi linafunguka katikati kama mdomo, ananivuta mkono, tunaangukia barabarani.

Barabara haina mwisho. Mawe matatu na mti mmoja vinapita, kisha mawe yaleyale na mti uleule vinapita tena, na tena, na tunaingia mji wa vioo vitupu, na katika kila kioo mbweha anaumia kwa namna yake, hapa analipuka, pale treni inamkanyaga, na juu yetu mbingu nzima inacheka, kicheko cha watu wasioonekana. Mbele anakimbia digidigi, mdogo, msafi, hana hata vumbi. Shemeji! anamwita mbweha, leo umeiva upande mmoja tu, geuka! Mbweha anamrushia jiwe, jiwe linamrudia mwenyewe kichwani, mbingu inacheka. Mimi niliyesomea maendeleo ya jamii, ninayeamini hakuna ugomvi usiozungumzika, nasema, Jamani, tukae tuongee. Digidigi ananitemea mbegu usoni. Nikikaa, dada, ananila. Asiponifukuza, nani atanitazama? Kaa wewe.

Barabara inapinda, inatufikisha kwenye mwamba, na hapo yuko fundi asiye na uso, anapaka rangi. Anachora mlango wa sebule ya dada yangu, na nyuma yake kochi, na hata feni mbovu. Nauliza, Fundi, nitapitaje? Anasema, Kitendawili. Nasema, Tega. Anaanguka kila siku, hapumziki mpaka akose wa kumcheka. Nasema, Mbweha. Umepata, anasema, na mlango huu unafunguka kwa kicheko chako tu. Mbweha amesikia. Ananishika mkono, makucha yanazama kwenye nyama, na machoni mwake hakuna wema, kuna uchovu. Niahidi leo hutacheka, hata kidogo. Nisipoahidi utaniuma? Nitakuuma hata ukiahidi. Naahidi.

Digidigi anachomoka, mbweha anamfuata, nami navutwa nyuma, mpaka ardhi inaisha na sisi bado tunakimbia hewani, kwa sababu huku haanguki mtu mpaka atazame chini. Mbweha anatazama. Masikio yanarefuka, shingo inabaki juu mwili ukiwa umeshatangulia, ananiachia mkono, anafungua mwavuli mdogo kama ua, na kweli anachekesha, Mungu wangu, anachekesha! Kicheko kinanipanda kooni. Mlango unafunguka ufa, nasikia harufu ya vitunguu vya dada. Nauma mdomo mpaka damu. Mbingu inanisikia nilivyonyamaza, nayo inanyamaza. Mbweha anashuka taratibu, anajikunja chini kabisa, analala. Mnafiki mkubwa! digidigi ananifokea, sasa mimi nikimbizwe na nani? Na kwenye mwamba rangi inachuruzika, mlango unakuwa jiwe.

Naamka kwenye kochi, au nadhani ni kochi. Dada Sikudhani amenipa kisogo, anaangalia televisheni, anacheka mpaka mabega yanaruka. Mwanaidi, njoo uone, mbweha hayupo tena, kuna msichana ananing'inia hewani, na viatu kama vyako! Cheka basi, mdogo wangu, mbona umenuna? Hageuki. Mdomoni nina ladha ya damu, na miguu yangu haigusi sakafu. Sicheki. Na chini sitazami.