Elektroni Mbili na Ndama Wawili

Restituta alirudi Gehandu likizo akiwa na karatasi ya mtihani wa fizikia ya kwanta mkobani na kichwa kilichovurugika. Katika swali moja alikuwa ameziita elektroni mbili "ya kwanza" na "ya pili", akazifuatilia moja moja mpaka mwisho wa hesabu. Mwalimu wake wa chuo akalikata swali zima kwa wino mwekundu, akaandika pembeni: "Nani kakwambia hii ndiyo ya kwanza?"

Asubuhi, baada ya shikamoo, alimweleza baba yake jinsi alivyofeli. Mzee Gidamis hajawahi kuhesabu ng'ombe wake. Huwatazama nyuso tu, akajua nani hajarudi.

"Zinafanana kama mapacha?" aliuliza mzee.

"Zaidi, baba. Hata ukizibadilisha mahali, hakuna awezaye kujua. Hata Mungu."

"Sasa mlijuaje kuwa ni mbili?"

Restituta akachora vitone viwili mavumbini kwa kidole, akavifuta.

"Haya, niletee ndama wa huyu," mzee akasema, akichuchumaa na kibuyu cha kukamulia kando ya ng'ombe mwenye baka jeupe. "Anyonye kidogo, maziwa yashuke."

Zizini, ndama wawili wekundu walimkodolea macho. Kila alivyozidi kuwatazama, ndivyo walivyozidi kuwa mmoja. Akamshika aliyekuwa karibu, akamleta. Ng'ombe akamnusa ndama, akamtupia teke: hakuwa wake.

Mzee Gidamis aliweka kibuyu chini, akamtazama binti yake.

"Na hilo somo la vitu visivyotofautishika," akasema, "unasema umefeli?"