Chupa ya Rocco

Miezi saba pua yangu ilikuwa pambo tu usoni. Homa iliondoka na harufu zote: kahawa, sabuni, hata soksi za Adelmo, mume wangu. Na mimi ndiye ninayefundisha watu kuonja mvinyo hapa Asti, kila Alhamisi jioni. Nilikuwa tapeli, nasema wazi.

Adelmo alinitunzia siri. Alifungua chupa jikoni, akazinusa, akaniletea zile ambazo hazijaharibika tu. Maneno niliyatoa kichwani: kwa mvinyo mweupe wa Vermentino wa Liguria nilisema limau na chumvi, kwa Barbera yetu nyekundu nilisema plamu. Nyumbani nililia. Nilishaamua kozi ikiisha naacha kazi.

Alhamisi ile mafua yalimlaza Adelmo. Nikafungua mwenyewe, mbele ya wanafunzi kumi na wawili. Chupa mbili zikapita salama. Ya tatu ilikuwa Aglianico, mvinyo mwekundu wa Basilicata kule kusini, aliouleta mwanafunzi wangu Rocco kutoka shamba la kaka yake.

"Huu sasa ndio mvinyo," Rocco akatamba. "Wenu wa huku kaskazini ni wa kusukutulia."

"Hebu tuonje kwanza," Piera, mwanafunzi mwenzake, akamjibu. "Mdomo wako tunaujua."

Nikamimina, nikaipeleka glasi puani, kuigiza kama kawaida. Kitu kikanipiga. Ukungu. Gazeti lililoloa likasahaulika stoo. Nikanusa tena.

Wanafunzi nao walinusa, wakainamisha macho. Kwetu hutukani mvinyo wa kwao mtu mbele yake, bora uzungumzie hali ya hewa.

"Una... nguvu," Piera akasema.

Nikaogopa. Nikikosea, namwaibisha Rocco bure, na siri yangu inatoka. Lakini harufu ilikuwepo, jamani, ilikuwepo.

"Rocco, kaka yako hana kosa," nikasema. "Kizibo ndicho kimeuharibu mvinyo huu. Unanuka ukungu."

Rocco akanusa kwa muda mrefu. Akashusha mabega. "Kweli. Unanuka vibaya. Ninayo nyingine garini." Kisha akanitazama. "Sasa unalia nini, mwalimu? Ni chupa tu."

Nikawaambia yote, miezi saba yote. Hakuna aliyenicheka. Rocco akainua ile chupa kwenda kuimwaga kwenye sinki.

"Usimwage," nikamwambia. "Nipe ninuse tena."