Upepo wa Gurudumu la Nyuma

Jumamosi asubuhi, katika ua wa nyuma ya ghorofa moja ya Hillbrow, fundi Twalib alikuwa amelala chali chini ya bakkie nyeupe kuukuu, pikapu ya wazi nyuma, spana mkononi. Mkewe Biubwa alikaa kwenye usukani, mguu juu ya pedali. Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili, na Twalib, mtu wa Tanga, hauamini mguu mwingine wowote. Akisema "Piga," Biubwa anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia. Akisema "Shikilia," anashikilia. Hapo Twalib analegeza nati ndogo nyuma ya gurudumu, na mafuta ya breki yanatoka pamoja na upepo wake, kupitia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, hadi kwenye chupa ya jemu. Anakaza. "Achia." Wameoana siku nyingi, na hakuna mahali pengine duniani ambapo Biubwa humtii mumewe kiasi hicho.

Mwenye gari, Victorine, mwanamke wa Lubumbashi anayeuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu, alikuwa amekaa juu ya kreti akiwaangalia. Bakkie hiyo aliinunua mnadani kutoka kampuni ya ulinzi. Ndiyo iliyokuwa ikiwabeba walinzi nyuma, wamesimama, kuwapeleka kazini Sandton na Randburg, na mumewe Firmin alitoka humo siku moja kwenye mteremko wa Hillbrow, akafia barabarani. Kampuni ilisema aliruka mwenyewe. Walinzi wenzake walisema hawakuona vizuri, maana mtu mwenye kazi na asiye na vibali macho yake hupungua nguvu. Kanisani watu walianza kumwombea Firmin kwa sauti ya chini, kana kwamba alikufa kwa ugonjwa wa aibu.

Victorine alitaka jambo moja tu: kujua kama mume wake aliruka au alianguka. Watu walipomshangaa kwa kununua gari lililomfanya mjane, aliwajibu kwamba kila mtu ameshasema lake, bado gari.

Twalib aliisifu injini, akazitukana breki. Diski za mbele zilikuwa zimelika mpaka zikawa kama sahani, basi akafunga diski nene za bakkie ya miaka ya karibuni, kalipa kubwa zaidi za kuzibana na masta silinda mpya. Alipofika nyuma akakuta bomba la mafuta limepondwa kwa koleo na kukunjwa, kama watu wanavyokunja dawa ya meno inapokaribia kwisha. Lilikuwa likivuja, na badala ya kubadilishwa likazibwa. Kwa hiyo bakkie ile, imesheheni walinzi, ilikuwa ikisimama kwa magurudumu ya mbele tu, ikipenda. Twalib alisonya, akafunga bomba jipya, na lile bovu akalitia kwenye mfuko wa rambo akampa Victorine.

Tatizo lilikuwa upepo. Walipiga, wakashikilia, wakaachia, na bado pedali ilizama kama mtu anayekanyaga andazi. Viputo vilikuja vingi, na kila kimoja kilipopasuka ndani ya chupa kilitoa pumzi ya mtu. Cha kwanza kilikohoa.

"Huyo François," alisema Victorine, aliyekijua kikohozi cha mlinzi huyo tangu kanisani.

Twalib alitoa kichwa chini ya gari, akasikiliza cha pili, akasema sasa anaelewa kwa nini pedali ilikuwa laini. Pumzi mtu akiibana kwa hofu haiwezi kukaa hewani, lazima iende mahali, na hizi za walinzi, asubuhi kwa asubuhi kwenye mteremko ule, zilikuwa zimeingia kwenye breki. Kilichomuudhi ni mafuta kuharibika tu. Biubwa alileta mitungi ya achari, wakaanza kuzifunika moja moja, na Victorine akawapigia simu wenyewe.

Kabla ya adhuhuri walinzi waliotoka zamu walikuwa wamepanga foleni uani, bado wamevaa sare. Kila mmoja alifungua mtungi, akainusa ya kwake, akaivuta. François, ambaye kwaya ilikuwa imemwondoa kwenye besi, alijaribu sauti yake hapo hapo, na madirisha ya ghorofa ya tatu yakafunguka. Mlinzi mwingine, Ruphin, kwa pupa yake, alivuta ya mwenzake, akawa anacheka kwa kicheko kisicho chake mpaka walipobadilishana. Wakamtania kwamba hata pumzi anadokoa. Biubwa aligawa chai ya tangawizi.

Lakini gurudumu la nyuma, la kushoto, liligoma. Twalib alikuna kichwa, kisha akakumbuka kwamba bakkie za aina hii zina vali inayopima mzigo, na gari likiwa tupu hubana mafuta ya nyuma. Akawaomba wapande, wasimame kama walivyokuwa wakisimama. Walinzi walitazama viatu vyao. Eish, hiyo tena? Ndipo Victorine alipokunja kitenge chake akapanda wa kwanza, akasimama pembeni kabisa, mahali pa Firmin. François alimfuata, kisha wote. Bakkie ikakaa chini.

"Piga. Shikilia."

Kikatoka kiputo kimoja, kirefu kama kidole, taratibu. Kila mlinzi aliyekuwepo alikuwa ameshachukua cha kwake. Twalib aliubana mpira pande zote mbili kwa vibanio vya nguo, akaukata, akampa Victorine. Biubwa alikanyaga pedali, akakuta imekuwa ngumu kama jiwe.

Biubwa alimshauri shoga yake asikilize kwanza. Pumzi husema mara moja tu, na mtu hapeleki ofisini ushahidi asioujua. Je, ikiwa kweli aliruka? Victorine aliusogeza mpira sikioni, kisha akaushusha. Aliogopa, na aliogopa sana.

"Minaenda nayo vile iko," alisema. "Kama aliruka, tutasikia wote."

Jumatatu aliendesha hadi Randburg, ofisi za kampuni. Meneja alimkaribisha vizuri, akamwagizia maji, akafunga dirisha ili upepo wa nje usiingilie. Victorine alitoa kibanio. Kwanza ilisikika ngumi ikigonga paa la gari, kisha sauti ya Firmin ikajaza chumba.

"Mushike nguvu, batoto! Frein haiko! Eh, Victo, naanguka."

Meneja aliomba tafsiri, akapewa: shikeni sana, breki hakuna, naanguka. Alisema pole, kwa heshima, na kwamba kampuni imesikia na inakubali kurekebisha maelezo yake: marehemu aliruka, kisha akaanguka. Bomba bovu aliloletewa kwenye rambo aliligeuzageuza, akakubali kuwa ni bomba.

Victorine hakubishana. Aliivuta pumzi ya mumewe yote kabla kiyoyozi hakijaichukua, akatoka. Kwenye ngazi alilia, na katikati ya kulia furaha ikampanda mpaka akashika ukuta. Alianguka! Firmin wake alianguka, tena akiwa anawaonya wenzake, tena akimwita yeye. Jumapili iliyofuata kanisa lilimwombea Firmin kwa sauti ya juu, François akiwa kwenye besi, na pasta alilazimika kuwanyamazisha.

Kampuni haikubadili kitu. Ilinunua bakkie nyingine kuukuu, walinzi wakasimama nyuma kama kawaida, François na Ruphin wakiwa miongoni mwao, maana kodi ya nyumba haisikilizi pumzi. Victorine aliiona ikipita, akasikia breki zake zikilia, akarudi kwa Twalib.

Alitaka bampa ya nyuma ya chuma kizito, ichomelewe kwenye fremu. Twalib alimwambia bakkie yake sasa inasimama vizuri kuliko gari lolote Hillbrow, hana haja ya kuogopa kugongwa.

"Siogopi, kaka Twalib," alisema Victorine. "Minataka banigonge miye."

Twalib aliielewa hesabu hiyo haraka, akachomelea mara mbili.

Siku hizi, kila asubuhi, Victorine huisubiri bakkie ya kampuni juu ya mteremko, kisha huingia barabarani mbele yake na kushuka polepole, karibu karibu, mguu kwenye breki, hadi kwenye robot ya chini, zile taa za barabarani. Dereva wa kampuni humpigia honi na kumuuliza leseni aliinunua wapi. Bampa imeshabonyea mara kadhaa, kila breki za bakkie ile zinapokataa. Nyuma, walinzi hushuka mteremko wote wakipiga soga.