Mashine Inayojisikia

Kelele ilikuwa inatoka kwa baba yake mwenyewe.

Tangu asubuhi binti anayefanya kazi kampuni ya simu alikuwa anaifuata na antena ya mkononi, kichochoro hadi kichochoro, mwenzake Mrefu nyuma kabeba kipimo cha mawimbi. Mtaa mzima simu zilikuwa zinakata, watu wanaongea na hewa. Mnara wenyewe mzima kabisa. Ila kuna kitu kilikuwa kinaupigia makelele sikioni, na simu ya mtu wa kawaida inanong'ona tu, itasikika wapi?

Antena ikawashusha ngazi za chini ya ardhi mpaka mlango wa fundi cherehani. Mrefu akacheka hadi akaegemea ukuta.

"Si kwenu hapa?"

"Funga mdomo."

Fundi alikuwa anakata suruali. Juu ya kabati, busta, kile kisanduku cha kukuza netiweki, inawaka taa.

"Shikamoo baba. Hiyo umeitoa wapi?"

"Marahaba. Dukani. Ulidhani nimeiokota?"

"Hairuhusiwi."

"Na kukaa bila simu kunaruhusiwa? Huku chini netiweki yenu haifiki. Wateja walikuwa wananipigia hawanipati, wanaenda kwa yule mshona magunia wa ng'ambo ya barabara. Sasa wananipata. Mkiing'oa, nafunga duka."

"Mzee, hiyo mashine inajisikia," Mrefu akasema.

"Ijisikie! Ya kwangu."

Binti akacheka bila kupenda. "Sio kuringa, baba. Inasikia sauti yake yenyewe. Antena ya nje umeiweka hapo dirishani, hii ya ndani hapa, pua kwa pua. Moja ikisema, nyingine inadaka, mashine inakuza, inarudia tena na tena mpaka yanakuwa mayowe. Mnara unasikia mayowe yako tu."

Fundi akaweka mkasi mezani. "Kwa hiyo wamekutuma wewe uje kunizima. Haya, nizime."

Amri ya bosi ilikuwa nyepesi: busta yoyote, ng'oa, lete ofisini. Binti alishang'oa za kutosha, anatia kwenye begi, anaondoka, hageuki nyuma. Leo mguu ukagoma.

Akaifungua antena ya dirishani, akapanda nayo juu ya paa, waya unaburutika nyuma. Akaifunga nyuma ya tangi la zege, mbali, imeelekea mnara, chumba kimebaki mgongoni mwake. Akarudi chini, akapunguza nguvu ya busta.

"Kipimo?"

"Kelele inashuka," Mrefu akasema. "Inashuka... imelala! Haya, sasa ing'oe twende."

"Sing'oi."

"We! Bosi atatula nyama."

"Aanze na mimi." Akatoa simu, akampigia bosi pale pale, kasimama kati ya vitambaa. "Bosi, kelele imekwisha."

"Safi. Leteni mashine."

"Mashine inabaki."

"Nilisema nini mimi?"

"Ulisema. Na mimi nasema inabaki. Hapa pana mtu anafanya kazi na mnara wetu haumfikii. Siku ukimfikia, nakuletea hiyo busta nimeibeba kichwani, naimba."

"Unajua unaongea na nani? Kazi huna wewe! Unanisikia?"

Fundi akasimama. Mrefu akazima kipimo.

"Nakusikia vizuri kabisa, bosi," binti akasema. "Hakuna hata mkwaruzo. Na niko chini ya ardhi."